Kivuli Kisicho na Kibali

Sogeeni karibu, na mwenye simu aizime, maana nchi tunayoiendea haipendi kupigwa picha bila kibali. Jina lake hatulitaji. Si kwa woga, laa, woga wa nini na sisi hatuishi huko? Ila tulipouliza mara ya mwisho tuliambiwa jina limepelekwa kufanyiwa ukarabati, na ukikamilika wananchi watajulishwa wanaitwaje.

Katika nchi hiyo palikuwa na daktari mmoja, mwanamke wa miwani na maneno machache, akiitwa Hidaya Mkumbukwa. Alikuwa daktari wa mionzi katika hospitali kuu. Kazi yake ilikuwa kuangalia picha za ndani ya watu na kusema kinachowasumbua: huyu mfupa umepasuka, yule ana maji kifuani, huyu hana kitu, arudi nyumbani akale. Wagonjwa walimwita daktari wa picha, na yeye hakuona ubaya wowote katika jina hilo. Laiti angejua.

Mwenzake kazini alikuwa Stambuli, mpiga eksirei, bwana wa makamo mwenye kitambi na sauti nzito ya kubembeleza. Yeye ndiye aliyekuwa akimsimamisha mgonjwa mbele ya mashine, akimnyoosha mabega, kisha akirudi nyuma ya kioo na kusema maneno yake yale yale: "Vuta pumzi... Zuia... Haya, pumua." Aliyasema miaka nenda miaka rudi mpaka mji mzima ukayajua. Akipita sokoni, wauza nyanya walikuwa wakijaza mashavu na kumkodolea macho, halafu mmoja anauliza kwa shida, "Stambuli, tupumue?" Naye huwajibu, "Pumueni, wanangu, serikali haijakataza." Watu wakacheka, naye akafungiwa nyanya na pilipili za nyongeza.

*

Yote yalianzia bungeni, na yalianza vizuri tu, kama mambo yote ya bungeni. Siku hiyo Waziri wa Taswira ya Taifa, Mheshimiwa Mwinjuma Tambo, alisimama, akaweka tai sawa, akasema:

"Mheshimiwa Spika, wapo watu, tena wako humu humu nchini, wanakula chakula chetu, wanakunywa maji yetu siku yanapotoka, halafu bila haya wala soni wanatoa picha mbaya ya nchi yetu! Nasema picha mbaya, Mheshimiwa Spika! Tuwaache?"

"Tusiwaacheee!" wabunge wakaitikia, hata wale waliokuwa wamelala.

Sheria ya Kuzuia Utoaji wa Picha Mbaya ikapitishwa kabla ya chai. Ilisema kwamba kutoa picha mbaya ni kosa, kukutwa nayo ni kosa, na kuitazama kwa muda mrefu kuliko unaotosha kuichukia nako ni kosa. Waziri alikuwa na maana ya magazeti na wageni wenye kamera kubwa. Lakini sheria ikishaandikwa husomwa kama ilivyo, na waliopewa kuisoma walikuwa polisi.

Polisi wakaanza na studio za harusi. Huko walikuta watu wanacheka mpaka magego, wakaridhika. Wakaenda kwa wapiga picha za pasipoti, wakakuta nyuso zimenuna, wakatoa onyo. Ndipo msamaria mmoja mwema, ambaye jina lake limehifadhiwa pamoja na zawadi yake, akapeleka habari kwamba katika hospitali kuu kuna chumba cha giza chenye mlango wa risasi. Watu huingizwa humo mmoja mmoja, huvuliwa nguo, huambiwa wasipumue, kisha hupigwa picha. Picha zenyewe ni nyeusi tupu, na wapo wanaotoka nazo wakilia. Jamani, hebu semeni, kuna neno hata moja la uongo hapo?

Mlango ulikuwa wa risasi kweli, yale madini mazito ya kuzuia mionzi isitoke nje. Polisi hawakuambiwa ni risasi ipi. Walikuja na kofia za chuma, wakalala kifudifudi koridoni, na wagonjwa wa foleni, kwa heshima, nao wakalala.

"Mkubwa wa humu nani?" afande aliuliza akiwa sakafuni.

"Ni mimi, afande," Hidaya akajibu.

"Mnatoa picha?"

"Tunatoa."

"Nzuri au mbaya?"

Hapo Stambuli, aliyekuwa amesimama nyuma ya kioo, akakohoa kumtahadharisha. Lakini Hidaya ni mtu ukimuuliza jambo la kazi anakujibu la kazi.

"Inategemea na siku, afande," alisema. "Leo zimetoka mbaya nyingi."

Stambuli akakohoa tena, safari hii kwa nguvu. Maneno yalikwishatoka, na afande alikuwa anayaandika.

*

Haikupita wiki, idara ya mionzi ikaondolewa Wizara ya Afya na kuwekwa chini ya Wizara ya Taswira. Ikaundwa Bodi ya Uhakiki wa Picha, mwenyekiti wake Mheshimiwa Tambo mwenyewe, na ikawa hakuna picha itakayotoka hospitali bila kupita kwenye Bodi na kugongwa mhuri. Miongozo ikaanza kumiminika. Mfupa uliovunjika usipigwe picha mpaka upone, ndipo upigwe ukiwa katika hali ya kupendeza. Wajawazito waruhusiwe, kwa sharti mtoto awe ameangalia kamera. Mawe ya kwenye figo yakahamishiwa Wizara ya Madini, na mwenye nayo akaambiwa kwamba hiyo ni mali ya taifa, asiyakojoe ovyo.

Akaletwa pia mtaalamu wa kusafisha picha, kijana mpole aitwaye Zabloni, aliyekuwa akifanya kazi studio ya harusi. Akawekewa kompyuta katikati, kila picha ikitoka kwenye mashine inapitia kwake kwanza. Ile asili inafutwa palepale, inabaki iliyosafishwa.

Bodi ilikuwa na kazi nzito na ukumbi wake ulikuwa na joto. Wajumbe walipolalamika, mafundi wakatumwa kutafuta kiyoyozi, wakakiona kimoja kizuri sana kwenye chumba cha siti skani. Siti skani, kwa asiyeijua, ni ile mashine kubwa ya duara: mgonjwa analazwa kitandani, kitanda kinaingia kwenye tundu, mashine inazunguka na kukata picha za mwili wake vipande vipande kama mkate wa slesi. Bila ubaridi haiishi. Hidaya alisimama mlangoni akawaambia mafundi, "Jamani, hii mashine itakufa." Wakamjibu, "Dokta, na wajumbe je?" Mashine ikahema siku kadhaa, ikatoa harufu ya waya kuungua, ikanyamaza.

Serikali sikivu ikaagiza mpya. Ikaja, ikasimamishwa kwenye jengo jipya lililopakwa rangi ya bendera, ikavishwa nailoni na kufungwa utepe mwekundu wenye ua. Hidaya alipokwenda kuomba aitumie, mlinzi akamzuia kwa upole.

"Haijazinduliwa, mama."

"Na wagonjwa wangu?"

"Wao si tayari ni wagonjwa, mama? Wataendelea tu. Mashine ndiyo haiwezi kuanza bila mgeni rasmi."

Sasa, katika heka heka hizo zote, Hidaya alikuja kugundua jambo moja. Kile kikohozi cha kumtahadharisha, Stambuli alikuwa hajakiacha.

*

"Kaka Stambuli, kikohozi gani hiki?"

"Vumbi, Dokta. Si unaona wanavyopaka rangi?"

"Rangi imekauka zamani. Simama hapo."

Akamsimamisha mbele ya eksirei, akamnyoosha mabega kama yeye alivyozoea kuwanyoosha wengine, akaenda nyuma ya kioo. Ilikuwa ajabu kidogo kuyasema maneno ya mwenye nayo.

"Vuta pumzi. Zuia."

Picha ikatokea kwenye skrini, na Hidaya akasahau dunia. Juu ya pafu la kulia palikuwa na kivuli cha duara, mviringo kama gololi. Alikuwa ameviona vivuli vya watu wengi katika kazi yake, lakini hakuwahi kuona cha mtu anayemletea chai.

"Dokta," sauti ilitoka upande wa pili kwa kubanwa, "nipumue?"

"Ee jamani! Pumua, kaka, pumua. Nisamehe."

Stambuli akaachia pumzi, akakohoa, akaja kuangalia. Hakuhitaji kuelezwa. Alisimama mbele ya pafu lake mwenyewe, mikono kiunoni.

"Basi nimepata mpangaji," alisema mwishowe. "Anatoka?"

"Anatoka, akiwahiwa. Bado ni mdogo, na kwa ninavyoona yuko peke yake. Tukupige siti skani tuhakikishe, halafu Daktari Kalokola amkate. Tukichelewa akazaa, kaka, sitakudanganya, hapo hatuna tena la kufanya."

"Basi tuwahi," Stambuli akasema, akavaa shati lake. Alifunga vifungo vibaya, cha juu kwenye tundu la chini.

Hidaya akataka kuihifadhi ile picha. Alipobonyeza, ilikuwa imekwishaenda kwa Zabloni, na kutoka kwa Zabloni imekwishaitwa mbele ya Bodi.

*

Ukumbi wa Bodi ulikuwa baridi mpaka meno yanagongana. Mheshimiwa Tambo alikuwa amekaa katikati amevaa koti, na pafu la Stambuli lilikuwa ukutani, kubwa kama mlango.

"Hiki hapa nini?" aliuliza akikinyooshea fimbo.

"Kivuli, Mheshimiwa," Hidaya akajibu.

"Cha nani?"

"Cha uvimbe, Mheshimiwa. Mgonjwa anahitaji siti skani na upasuaji. Naomba mashine mpya ifunguliwe kwa ajili yake, hata mara moja tu."

"Taratibu, Daktari. Hatujafika huko. Kimeingiaje ndani ya pafu la mwananchi bila kibali?"

Wajumbe wakatikisa vichwa kwa masikitiko. Hidaya akajua hapa akijibu kidaktari amekwisha. Waziri akainama mbele, akapunguza sauti kama mtu anayetafuta suluhu.

"Nikuulize hivi. Uvimbe huu ulianza awamu hii, au awamu iliyopita?"

Hidaya akaona mlango umefunguka. Akafikiri, na kweli vitu hivi huchukua muda kukua, halitakuwa kosa kusema.

"Huenda ulianza awamu iliyopita, Mheshimiwa."

Ukumbi mzima ukashusha pumzi. Mjumbe mmoja akapiga makofi.

"Ahaa! Nilijua!" Waziri akasimama. "Ndugu wajumbe, mmesikia kwa kinywa cha mtaalamu. Hiki ni kivuli cha awamu iliyopita. Na awamu iliyopita iko wapi?"

"Ilishaisha, Mheshimiwa!"

"Basi na kivuli chake kilishaisha. Kinafanya nini kwenye picha ya leo? Kiondolewe!"

"Mheshimiwa, kukiondoa kwenye picha si kukiondoa kifuani!" Hidaya alisema, na sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyokusudia. "Mtu atakufa!"

"Daktari," Waziri akamjibu kwa huruma kabisa, "wewe umesomea picha. Sisi tunasomea taswira. Taswira ikipona, mengine hufuata."

Zabloni akapewa kazi palepale. Akazungusha kidole mara mbili tatu, na kile kivuli kikayeyuka, pafu likabaki safi, la kupendeza. Akaongeza na kimwanga kidogo pembeni, kwa mazoea ya harusi. Bodi ikagonga mhuri: BORA.

Mlangoni Zabloni alimfuata Hidaya, macho chini. "Dokta, mimi nilikuwa naondoa chunusi za maharusi tu. Nisamehe."

Hidaya akaitikia kwa kichwa, akaenda zake. Kijana alikuwa na mke na mtoto mchanga, na aliloambiwa afanye amefanya.

*

Akaenda kwa Daktari Kalokola, mpasuaji, ambaye walisoma naye na hakuwa mtu mbaya. Akamweleza yote, akamchorea hata kivuli chenyewe kwenye kiganja chake. Kalokola akasikiliza mpaka mwisho, kisha akaishika ile picha yenye mhuri, akaiangalia kwenye mwanga.

"Hidaya, mimi nakuamini. Lakini hapa nimeandikiwa mapafu bora. Nikimfungua kifua mtu huyu, kwenye makaratasi nitakuwa nimempasua mzima. Watanifunga."

"Nimekiona kwa macho yangu, Kalokola."

"Najua. Ila siwezi kupasua maneno. Nionyeshe. Nionyeshe hata kwa dakika moja, kwa macho yangu mwenyewe, nami siku hiyo hiyo namwingiza chumba cha upasuaji."

Hidaya alitoka pale akijua hana pa kumwonyeshea, maana eksirei nayo Bodi ilikuwa imeitia kufuli kwa kosa la kutoa kivuli. Stambuli alikuwa anamngoja kwenye benchi la koridoni, na alipomwona uso tu akaanza kumpa yeye pole. Hilo ndilo lililomliza.

Basi, kumbe Mungu si Athumani. Kesho yake wizara ikatangaza kwamba siku ya uzinduzi mashine itamwonyesha mwananchi mmoja mwenye mapafu safi, yarushwe kwenye skrini kubwa, taifa lijionee lilivyo zima ndani. Wakatafuta nchi nzima mapafu yenye mhuri wa BORA. Yalipatikana ya mtu mmoja tu, kwa kuwa Bodi ilikuwa imehakiki kifua kimoja tu na vingine vyote bado vilikuwa kwenye foleni. Stambuli!

Hidaya alikimbia koridoni, mwanamke mzima, koti linapepea. "Kaka Stambuli! Wanakupiga siti skani! Wenyewe! Mbele ya watu!"

"Wananitafuta kivuli walichokifuta?"

"Wanatafuta usafi wao. Lakini mashine haijui siasa, itaonyesha kilichomo. Na Kalokola nitamkalisha safu ya tatu, pale pale mbele ya skrini. Hakuna wa kusafisha kitu kabla hajakiona."

Stambuli akacheka mpaka akakohoa. Akaenda kwa kinyozi, akanunua shati jipya la kitenge. Sokoni walimuuliza, "Stambuli, unaoa?" Akawaambia, "Naenda kupumua."

*

Siku ya uzinduzi palikuwa na matarumbeta, viti vya plastiki vyenye vitambaa, na mapambo ya taa yanayowaka mekundu na kijani kuizunguka mashine. Mgeni rasmi alikuwa Mheshimiwa Tambo, kwa niaba ya aliyekuwa kwa niaba ya mkubwa. Kalokola alikaa safu ya tatu, na Hidaya akasimama kwenye chumba cha kioo pamoja na mhandisi wa wizara.

Utepe ukakatwa. Stambuli akavua viatu, akajilaza kitandani mwenyewe, akanyoosha mabega bila kuambiwa. Kitanda kikasukumwa kwa mkono mpaka kifua chake kikawa ndani ya tundu. Halafu kutoka ndani ya mashine ikatoka sauti, na haikuwa ya kigeni kama za mashine nyingine. Wizara ilikuwa imerekodi sauti ya Waziri mwenyewe.

"Ndugu mwananchi. Vuta pumzi. Zuia. Wakati umezuia pumzi, napenda kuchukua nafasi hii kukueleza mafanikio yaliyopatikana..."

Hidaya alisikiliza. Hakuwa anasikiliza hotuba. Alikuwa anasubiri ule mvumo wa mashine kuzunguka, ambao mtu wa kazi hiyo huusikia tumboni kabla ya masikioni. Sauti ikataja barabara. Ikataja madarasa. Taa zikawaka nyekundu, zikawaka kijani. Mvumo haukuja. Kwenye kompyuta iliyo mbele yake palikuwa pameandikwa KARIBU, basi. Akainama chini ya meza. Waya mkubwa wa umeme wa mashine ulikuwa umekunjwa vizuri, bado umo kwenye mfuko wake wa nailoni.

"Mbona haizunguki?" alimuuliza mhandisi.

"Hii ni awamu ya kwanza, Dokta. Awamu ya kwanza ni umbo na sauti. Kile cha kutolea mionzi kiko awamu ya pili."

"Na pale ndani kuna nini?"

"Spika. Nzuri sana, zinatumia betri."

Nje kukapigwa makofi ya kutisha. Hidaya akainua macho. Kwenye skrini kubwa yalikuwa yametokea mapafu, safi, ya kupendeza, yana kimwanga pembeni.

Hotuba ilikuwa imefika kwenye visima. Hidaya akamshika mhandisi mkono. "Sauti itamwambia lini apumue? Mtu anazuia pumzi kule!"

"Hapana, hilo neno Bodi ililiondoa. Wajumbe waliona ukimwambia mwananchi apumue, unatoa picha kwamba kabla ya hapo alikuwa hapumui."

Hidaya akausukuma mlango, akatoka. Kabla hajafika, kikohozi kikampasuka Stambuli ndani ya tundu, kikohozi kile kirefu kisicho na kituo. Mkuu wa itifaki akapunga mkono kwa bendi, matarumbeta yakalipuka, na watu wakasimama kucheza. Kalokola naye alikuwa amesimama. Akamfuata Hidaya katikati ya vumbi na vifijo, uso umemchanua, akamshika bega.

"Nimeona mwenyewe, Hidaya! Safi kabisa! Wewe bwana, ulinitia hofu bure."

"Kalokola, haikuwashwa. Sikiliza, haikuwashwa!"

"Nini? Sikusikii!" alisema akicheka, akionyesha tarumbeta. Alikuwa na furaha ya kweli, ya mtu aliyeondolewa mzigo. Na alipokuja kumsikia kesho yake kukiwa na utulivu, alikuwa amekwishalala usiku mmoja vizuri, na hakutaka kuupoteza.

Stambuli alitoka kwenye tundu akijifuta jasho na lile shati jipya. Akakaa ukingoni mwa kitanda, akitafuta viatu kwa miguu.

"Haikuzunguka, Dokta," alisema.

"Haikuzunguka, kaka."

Hidaya akapiga magoti pale chini, akamvisha kiatu kimoja baada ya kingine. Hakuna aliyewatazama, maana kamera zote zilikuwa kwa Mheshimiwa.

*

Yaliyofuata hayana hadithi ndefu. Mapafu ya Stambuli yaliwekwa kwenye mabango barabara kuu yote, na chini yake maandishi: HII NDIYO PICHA YETU. Yeye mwenyewe alipewa barua ya kumkataza kukohoa hadharani, kwa kuwa mapafu ya taifa hayakohoi. Kitambi kikamwisha, shati la kitenge likamlegea. Sokoni wauza nyanya walimfungia nyongeza kama zamani, ila hakuna aliyejaza mashavu tena. Hidaya aliandika, alipiga simu, alikaa kwenye mabenchi ya ofisi nyingi, na kila alipofika alionyeshwa ile picha yenye mhuri na kuulizwa, "Sasa wewe unaona nini hapa?" Aliomba Stambuli apelekwe nje ya nchi. Wakamwambia nje hupelekwa wagonjwa.

Mwisho walimlaza wodi ya wanaume, kitanda cha ukutani. Kwenye cheti cha kitandani pameandikwa: mzima, anapumzika. Upande wa pili wa ukuta ndiko lilikokuwa jengo jipya, na kila mara wageni wa wizara walikuwa wakiletwa kuiona mashine.

Hidaya alikuja saa ya kuona wagonjwa akiwa na uji wa ulezi. Stambuli alikunywa vijiko viwili, akageuza uso. Hidaya akakaa, akamshika mkono, mkono ambao zamani ulikuwa mzito na sasa ulikuwa mifupa tu, ambayo angeweza kuitaja mmoja mmoja. Hakuwa na dawa wala picha ya kumwonyesha mtu. Alikuwa na kijiko.

Mara upande wa pili wageni wakaingia, viatu vikasikika, na sauti ikapita ukutani wazi kabisa: "Ndugu mwananchi. Vuta pumzi. Zuia. Wakati umezuia pumzi..."

Stambuli akavuta. Ilimchukua nguvu zake zote, lakini akavuta, akazuia, mabega yakajaribu kunyooka kwenye mto. Mazoea ya kazi, jamani, au labda utani, nani ajuaye. Akamgeuzia Hidaya macho, mashavu yamejaa kidogo, na Hidaya akaona anauliza kitu kwa midomo, bila sauti.

"Dokta, nipumue?"

Hidaya akainama mpaka sikioni kwake.

"Pumua, kaka," akamwambia. "Pumua."

Akapumua. Hidaya akangoja avute tena. Upande wa pili wa ukuta hotuba ndiyo kwanza ilikuwa imefika kwenye visima.